Kinini Kilipokataa Kukaa Tumboni

Enzi zetu kule Mushaki, ukisema kichwa kinauma, ulikuwa umejitafutia mashaka mwenyewe. Mama alikuwa na njia zake za kukufikishia dawa. Dawa chungu ilipita kinywani, huku amekubana pua. Mvuke wa majani ulipita puani, nawe umefunikwa blanketi juu ya sufuria. Na ukifunga choo, ilitoka pwari, ile pampu ndogo ya mpira, na dawa ikaingilia mlango wa nyuma. Tukiiona tu, wote tulipona ghafla, tukakimbilia malishoni kwa ng'ombe.

Lakini malaria ilipomshika dada yangu Riziki, hakuwa na nguvu ya kukimbia. Mama alimsagia kinini, ile dawa chungu ya malaria, ndani ya ndizi, akatapika. Akamchanganyia na maziwa, akatapika tena. Macho yakaanza kugeuka juu. Baba akambeba mgongoni, tukashuka mbio hadi kituo cha afya, Mama akisali njia nzima.

Munganga wetu, yaani muuguzi wa kituo, Papa Bauma, alimpima, kisha akatundika seromu ya kinini, chupa ya maji ya dawa yenye mrija na sindano, kwenye msumari ukutani.

"Mama, tumbo imekataa. Tutapita mu mushipa. Huku dawa inaingia mu damu moya kwa moya, haingojee tumbo."

"Na ikisha kuingia, inaenda wapi?" Mama aliuliza.

"Inazunguka mwili muzima, inapigana. Kisha maini inaivunja-vunja, inatoka mu mikojo. Njo maana seromu ingine inapashwa kufuata."

Mama akakaa kitandani, akitazama tone likifuata tone. Jua likavuka mlima. Hatimaye Riziki akafumbua macho, akanung'unika, "Mama, masikio yangu inalia ngiii."

Mama akashtuka, lakini Papa Bauma akacheka. "Ni kinini hiyo, Mama. Imefika."

Baba, mtu mkali hata kwa mafahali, akageukia dirisha, akajifuta macho kwa kofia yake.

Vijana wa leo wanameza vidonge wakitembea, simu mkononi, hata maji hawayangojei. Pwari hawaijui, wana bahati yao. Mimi pia nameza vyangu siku hizi, peke yangu chumbani, mjini Goma. Vita vilitutawanya. Riziki yuko kambi ya wakimbizi, Kitshanga, wazazi tuliwaacha makaburini. Kidonge kinafanya kazi yake, homa inashuka vizuri tu. Ila asubuhi nikiamka mzima, sina wa kumwambia kwamba nimepona.