Murugi na Beseni la Kostiki

Murugi aliosha chupa za maabara katika shule ya upili kwa miaka ishirini na sita, na kwa kuosha chupa alijua mambo ambayo walimu wengine walikuwa wakiyasoma kitabuni asubuhi ya somo. Hakuna aliyemheshimu kwa hilo. Hata mimi. Leo nikikumbuka nashikwa na hasira.

Julai iliyopita kikundi chetu cha akina mama hapa Wamagana kilimwalika Moffat, kijana wa Kenol mwenye shati lililopigwa pasi na begi la vyeti, aje atufundishe kutengeneza sabuni katika ukumbi wa kanisa. Baridi ya huku mnaijua, hata maji ya kunawa uso lazima yapashwe. Moffat akamwaga kostiki, zile punje nyeupe kali za kutengenezea sabuni, ndani ya beseni, kisha akaomba maji moto ya kumimina juu yake ili ziyeyuke haraka. Tukaona sawa, maana mwezi huo hakuna tunachofanya kwa maji baridi.

"Hapana, mwalimu," Murugi, mwenzetu kikundini, akasema. "Maji iende kwanza, na iwe baridi. Hiyo kitu iko na moto yake ndani. Unaiweka kwa maji kidogo kidogo."

"Shosho, si wewe ulikuwa unaosha chupa tu?" Moffat akajibu, kama anayemjibu bibi yake. "Wacha mwenye kazi afanye kazi."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikaenda jikoni nikaleta birika.

Kabura, mdogo wetu kwa umri, ndiye aliyeshikilia beseni. Maji yalipogusa kostiki yalichemka papo hapo, yakaruka, yakampata jichoni. Akapiga mayowe. Moffat, badala ya kukimbilia maji, akaanza kuulizia ndimu, eti asidi iue kostiki.

"Utamwongezea moto juu ya moto, mjinga wewe," Murugi akamwambia na kumsukuma kando.

Alimvuta Kabura hadi kwenye bomba la nje, akamfungua kope kwa vidole, akamwagia maji baridi karibu nusu saa, mwenyewe akiwa amelowa chepechepe. Kisha wakapanda bodaboda kwenda hospitali. Daktari alisema bila maji yale jicho lingekuwa limekwisha.

Huku ukumbini Moffat alituambia tuendelee. Tukaendelea.

Jumapili iliyofuata vyeti vikagawiwa mbele ya kanisa. Murugi na Kabura hawakuitwa. Moffat alieleza kwa upole kwamba hao wawili hawakumaliza mafunzo, waliondoka katikati. Murugi alikuwa kwenye benchi la nyuma, bado akikohoa baridi ya siku ile, na Kabura kando yake na bandeji jichoni. Jina langu likatajwa. Nikaenda mbele, nikapokea cheti, na watu wakanipigia makofi.