Jina Ndani ya Wimbo wa Habsa

Habsa alizaliwa mtaa wa Kiwanjani, kwa mzee aliyerudi kutoka vita vya Waingereza na koti la jeshi, nishani moja na ubishi mwingi. Ubishi ndio aliomrithisha binti, pamoja na sauti. Akiwaita mbuzi, alisikika mpaka barabara ya Moyale, na mamake alimtania kwamba ataolewa na kiziwi. Aliolewa na dereva wa lori, mtu mwenye masikio mazima, ambaye gari lilimlalia njiani wakati binti yao Luul aking'oka meno ya utoto.

Hapo ndipo Warfa anapoingia. Warfa alikuwa mwenyekiti wa chama tawala pale mjini, mtu mrefu wa kofia na bakora, na wakati huo, katikati ya miaka ya sabini, mji ulikuwa bado unampenda. Yeye ndiye aliyesimamia mazishi ya dereva yule. Yeye ndiye aliyewaambia askari wa baraza la mji wamwache mjane auze maziwa yake ya ngamia sokoni Bulla Pesa, wasiyamwage kwa mateke. Habsa hakuwa na cha kumlipa ila koo lake. Akamtungia wimbo.

Wimbo wenyewe haukuwa na mambo mengi. Habsa aliuliza, kina mama wakajibu. Nani alileta bomba la maji? Warfa. Nani alituzikia wetu? Warfa. Kila baada ya swali aliacha pumzi moja tu, na jina lilijaa hapo lenyewe. Mkutano wowote wa chama, sikukuu yoyote ya taifa, kina mama wa Bulla Pesa walijifunga leso kiunoni wakauimba, mpaka watoto wachanga wakalijua jina hilo kabla ya majina ya baba zao.

Kisha ukaja ukame wa themanini na nne. Mahindi ya njano ya msaada yaliingia ghalani mchana, yakatoka kwa siri, yakaonekana yakiuzwa madukani. Ghala lilikuwa na funguo mbili, mmoja kwa Warfa, mwingine kwa Dullo, katibu wake. Watu walikumbuka mmoja. Labda ni kwa sababu Warfa ndiye aliyekuwa na wimbo.

Basi ilipofika themanini na nane, na chama kikatangaza kuchagua viongozi wake upya kwa mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya mtu wake mchana kweupe, jina la Warfa lilikuwa linanuka. Wanaume aliowainua kwa mkono wake walianza kuugua siku za mikutano yake. Picha yake ilitolewa kwenye kuta za maduka, ikaacha alama safi ya mraba. Aliyekuwa akimbebea bakora alionekana akivuka barabara wasije wakakutana.

Katika kukimbia huko, Dullo ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Alikuwa pia diwani, na diwani ndiye ambaye angegawa nafasi kwenye kibanda kipya cha maziwa, cha mabati na sakafu ya saruji. Nafasi zilikuwa chache, na asiyepata angebaki juani akikimbizana na askari. Dullo alikuja kwa Habsa, akakaa juu ya debe, akanywa maziwa bila kuuliza bei.

"Mama Luul, hiyo wimbo yako ni nzuri sana," alisema. "Lakini hiyo jina iko ndani inaniletea shida. Watu watasema mimi na Warfa ni kitu moja."

"Si mlikuwa kitu moja?"

Dullo alicheka kidogo. "Hiyo ilikuwa zamani. Natetea kiti yangu ya katibu, na Jumamosi niko na mkutano. Imba, lakini weka Dullo. Inaingia vizuri tu. Halafu kibanda ikigawanywa, wewe utakaa kwa mlango, kwa kivuli."

Habsa alikumbuka kaburi la mumewe, na nani aliyeshika koleo siku ile. Kisha akakumbuka jua, na magoti yake, na Luul aliyerudishwa nyumbani na mumewe akiwa na watoto wawili. Akasema sawa. Hakulia wala hakulazimishwa. Alikubali kama mtu anavyokubali bei sokoni. Nampenda sana mama huyu, lakini hilo siwezi kumfichia.

Walifanya mazoezi nyuma ya soko. Rahab, muuza mboga na rafiki yake wa siku nyingi, alinung'unika. "Huyo mzee alituletea maji, jameni." Habsa akamjibu kwamba maji yenyewe yalishanyweka. Jina la Dullo likaingia mahali pake vizuri tu, kama alivyosema mwenyewe.

Jumamosi uwanja ulijaa. Dullo alisema Warfa hamjui sana, walikuwa wakikutana ofisini tu. Akasema mahindi ya njano aliyaona kama walivyoyaona wengine. Watu wakapiga makofi. Kisha akawaita kina mama. Habsa alishika kipaza sauti, akauliza nani alileta bomba la maji, akaacha ile pumzi yake moja. Na wanawake wote, wenye mazoezi ya siku chache na mazoea ya miaka zaidi ya kumi, wakajibu kwa sauti moja: Warfa.

Uwanja ukaangua kicheko, na nyuma ya kicheko wakaanza kuzomea. Habsa alichanganyikiwa, akafanya lile alilozoea kufanya wimbo ukiyumba: akauliza swali la pili. Wakajibu vilevile. Dullo alimpokonya kipaza sauti.

"Mdomo ilizoea," Rahab alimwambia wakirudi, huku akilia. "Ni mdomo tu, Mama Luul."

Dullo hakuamini mambo ya mdomo. Kabla wiki haijaisha nafasi za kibanda ziligawanywa, na Habsa hakupata hata ya nyuma. Wauza maziwa wenzake walipata, maana Dullo alihitaji miguu yao kwenye mlolongo, na mtu mmoja alitosha kubeba lawama. Habsa alirudi juani na mitungi yake.

Huko juani ndiko Warfa alikomkuta. Alikuja kwa miguu, peke yake, amekonda mpaka kola ya shati inampwaya.

"Salaam aleikum, abaayo," alisema. Alimwita dada, kwa Kisomali. Hakuwahi kumwita hivyo. Akakaa juu ya debe lilelile.

"Nilikuwa nyumbani, Kiwanjani, nasikia hiyo maspika," alisema. "Dullo alinipiga na maneno, nikasema wacha. Halafu nikasikia jina yangu. Mara mbili." Alifuta macho bila kujificha. "Wote wamenikana. Hata watu ya nyumba yangu. Wewe ulisimama mbele ya huyo mtu, na kibanda yako iko kwa mkono yake, ukaniimba. Wallahi, Mungu alikuona."

Aibu ilimpanda Habsa kutoka miguuni. Alifungua mdomo. Maneno yenyewe yalikuwa machache: nilikuuza, Mwenyekiti, ni wanawake waliokosea. Akamtazama usoni, akaona kwamba mzee huyu hakubakiwa na kitu kingine chochote duniani.

"Kunywa maziwa," alisema.

Warfa akanywa. "Siku ya mlolongo nitakuangalia," alisema akiinuka. "Nikiona wewe, inatosha."

Siku hiyo, nyuma ya mpinzani wa Warfa, watu walijipanga kutoka mezani kwa karani mpaka kwenye ua wa uwanja. Dullo alikuwamo, na Rahab, na wanawake wote waliolijibu lile jina. Nyuma ya Warfa walisimama kaka yake na mzee mmoja wa vita asiyeona vizuri. Habsa alisita langoni. Hakuwa tena na kibanda cha kupoteza, na hilo lilimuuma zaidi, kwamba hata ujasiri huu ulikuwa wa bure. Akavuka uwanja mtupu huku kila mtu akimtazama, akasimama nyuma ya yule mzee wa vita.

Warfa aligeuka akamwona. Uso wake wote ukafunguka. Akamgusa karani begani, akamwonyesha.

"Huyu," alisema, "hajawahi kuniacha hata siku moja."

Habsa aliinamisha kichwa.

"Tatu," alisema karani, na hesabu ya Warfa ikaishia hapo.