Kaburi la Wapagazi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka damu hunichemka, na uzee wangu wote huu haujaipoza. Kaa hapo mkekani unisikilize. Sitakufokea, maana walionitangulia kusema nawe wamekufokea vya kutosha. Lakini nimekasirika, na sikufichi.

Nilikuwa msichana mkubwa, posa zimeshaanza kuja, tunakaa hukuhuku Rufiji, upande wa Dimani. Baba alikuwa mkata boriti, anashinda mikokoni na kuziuza bandarini Nyamisati. Siku moja alirudi na mgeni. Alikuwa mzee, kichwa mvi tupu, kavaa koti kuukuu na msalaba mdogo wa mti kifuani. Jina lake Mwalimu Yeremia, mtu wa kusini. Alikuwa amefasiri Maandiko yao kwa lugha ya kwao, anajua Kiyunani na Kiebrania, na Kiarabu alikisoma vizuri hata mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akamsogezea mkeka wakae pamoja.

Watu lakini hawakosi neno. Wengine walisema kaja kutubatiza. Wengine wakasema hapana, huyu anatafuta mali ya Mjerumani, rupia zilizofukiwa wakati wa vita. Bibi yangu, mama yake baba, aliwasikia wakinong'ona kisimani akawaambia kwamba mgeni akija mwenyeji hupona, na kama wao wanataka kuugua, waugulie makwao.

Siku ya tatu Mwalimu aliamka alfajiri, akasali sala zake barazani, kisha akaja uani kunitania. "Binti, nyinyi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbona langu silioni?" Nikampa. Tukaenda shambani kupalilia mpunga, mimi, yeye na Bibi. Huko ndiko alikotusimulia yaliyomleta.

Alikuwa mtoto wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu. Askari walimkamata baba yake akiezeka paa la kanisa, wakamfunga kamba shingoni na wenzake, wakawatwika mizigo ya jeshi. Mama yake hakukubali kubaki. Alimfuata mumewe na mtoto mkononi, akawa anapika huko nyuma ya msafara. Wakatembea mpaka huku Rufiji, masika yakawakuta. Chakula kikaisha. Wapagazi wakala mizizi na ngozi za kuchemsha, wakaanza kuhara na kufa. Katika njaa ile alikuwepo mpagazi mmoja Mwislamu, mtu wa Kilwa, aliyekuwa akimwita yule mtoto jioni na kumchorea herufi kwa mkaa juu ya gome la mti. Alif, be, te. Alimwambia tumbo likikosa, kichwa nacho kisikose. "Herufi zangu za kwanza ni zake," Mwalimu akasema. "Yote niliyosoma baadaye yamesimama juu ya zile."

Yule mtu wa Kilwa alikufa. Kisha baba yake akashindwa kuinuka. Askari wakaamuru msafara uende, wakamwacha kichakani yu hai, macho yanawafuata. Mama akaburutwa, na kichaka hicho ndicho Mwalimu alichokuja kukitafuta uzeeni. Mwalimu hakulia alipotueleza hayo. Aliendelea kung'oa magugu, ila alikuwa anang'oa na mpunga pia, na sisi hatukumzuia.

Bibi akaweka jembe chini. Alisema yeye alikuwa kigoli wakati huo, na msafara ulipopita wazee wao walikwenda kuwaokota waliobaki vichakani. Wengine waliwakuta bado wanapumua, wakawapa uji, wasifike asubuhi. Waliwazika pamoja kwenye kichuguu kule ng'ambo ya mashamba.

Baba yangu alipopata habari alishangaa. "Mama, miaka yote hii mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Bibi akajibu.

Mwanangu, neno lile halijanitoka. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi, hilo kila mtu analisema. Nani huenda kuziuliza nyasi? Watu walikuwa wakija huku na huko deltani kuulizia manowari ya Mjerumani iliyozama huku wakati wa vita vile, bomba lake la moshi, mizinga yake iliyotolewa ikabebwa nchi kavu. Waliotwikwa mizigo yake hawakuwa na mwulizaji.

Na siku hiyohiyo, Bibi ametupeleka kule kichuguuni tunafyeka, akapita bwana mmoja wa mjini, kavaa miwani, anaandika habari za hiyo manowari. Akauliza tunafanya nini. Alipoelezwa akacheka, akamwambia Mwalimu, "Aa, mzee, hao walikuwa wapagazi tu." Nilitaka kumrushia panga.

Mwalimu alijinyoosha polepole. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini yenye hasira. "Bwana, hapa yumkini amelala baba yangu, na amelala aliyenifundisha kusoma. Wewe unajua urefu wa mizinga. Taja jina la mtu mmoja aliyeibeba."

Yule bwana akafunga daftari lake. Akaondoka bila kuaga.

Baba alileta boriti za mkandaa, tukazisimika zikawa mashahidi, alama za kichwani na miguuni, kama kaburi lolote la mtu mwenye watu wake. Mwalimu wetu wa chuo akapiga dua, Mwalimu Yeremia akasoma zaburi. Hatukujua nani pale alikuwa wa dini gani, na hakuna aliyeuliza. Baadaye aliniambia maneno machache: hasira si dhambi, binti, ikiwa itakufanya ushike jembe. Akarudi kwao, na hatukuonana tena. Mimi zile boriti nimezibadilisha kila zilipooza, mpaka magoti yaliponikataza.

Sasa juzi nasikia vijana wetu, waliozaliwa hapahapa, wamekuja na mashine kutoka Dar, inalia ikinusa chuma, wakachimba pale. Wakatafuta rupia. Wakapata mifupa, wakaitupa kando kama maganda ya muhogo, na zile boriti za mashahidi wakachochea nazo moto wa chai. Wewe hukushika sururu, nimeambiwa. Ulisimama ukiangalia. Mwanangu, unadhani anayeangalia ana mikono safi? Mali ipi ya Mjerumani? Mjerumani aliacha nini hapa zaidi ya watu wetu waliokufa? Mpagazi alinyimwa chakula akiwa hai, akanyimwa jina alipokufa, leo wajukuu wanamnyima na shimo la kulala!

Nimelia, kisha nimeacha kulia, nikamwita sheikh. Mifupa tumeikusanya kwenye sanda. Waliochimba wameitwa pamoja na wazazi wao, kesho asubuhi watafukia kwa mikono yao, nami nitakuwepo na fimbo yangu. Nawe utakuwepo.

Shika haya. Kabla ya kutia jembe ardhini, uliza nani amelala hapo. Wazee waulize tungali tunasema, usitulaumu kwa kunyamaza wakati hukuja. Mtu akikujia na dini nyingine, mtazame anachotafuta kabla hujamtungia uongo, maana mtu wa msalaba ndiye aliyetufundisha kuwaheshimu maiti tuliowazika wenyewe. Na ukisikia mtu akisema "walikuwa wapagazi tu", "ni wakulima tu", "ni wakata boriti tu", usicheke naye. Neno hilo "tu" limefukia watu wengi kuliko bunduki.

Haya, inuka. Mungu akupe macho ya kuona haya na kinywa cha kuyakataza. Akupe umri mrefu, na siku yako ikifika, uzikwe na wanaokujua jina.