Ugonjwa wa Gitaa la Radi

Mtu mzima akikwambia gitaa lake linaumwa, usimcheke kabla hujaona anavyolibeba. Radi alilikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, limefungwa kwenye shuka, akaingia nalo kwa fundi wa magitaa kwa mara ya tatu. Ilikuwa Jumatano, na mahafali ya binti yake yalikuwa Ijumaa, siku ambayo hakuwa na pa kujificha.

Jina la Radi alipewa na wenzake wa bendi. Walikuwa wanaume wanne wenye vitambi, wanapiga hevi metali kila Jumamosi mchana ndani ya stoo ya mabati, muziki wa ngurumo tupu. Jirani mmoja aliwahi kuwakimbilia na ndoo ya mchanga akidhani jenereta imeshika moto. Siku nyingine zote Radi alikuwa fundi mageti. Alikata nondo, alichomelea, kisha akashika grenda kusawazisha, na hiyo grenda ndiyo iliyokula siku zake: inalia, inatetema, na mikono inatetema nayo hadi jioni. Miaka nenda miaka rudi, kazi hiyo ndiyo iliyoilisha familia yake.

Binti yake alikuwa na sauti, na si ile ya kusifiwa na shangazi tu. Walimu walimpa nafasi ya kuimba peke yake kwenye mahafali. Walipomuuliza apigiwe na nani, akakataa kinanda, akakataa bendi ya shule.

"Namtaka baba," alisema. Kisha akamgeukia baba mwenyewe. "Ila baba, nakuomba, siku hiyo usingurume. Nipigie ile sauti safi, kama ulivyokuwa unanipigia nilipokuwa mdogo nikigoma kulala."

Radi alikubali huku anacheka, maana nani angekataa? Akaingia chumbani, akazima disto, kile kidubwana cha miguuni kinachoifanya sauti ingurume, akapiga kodi ya kwanza, nyuzi kadhaa kwa mpigo mmoja. Ikatoka na pengo. Uzi mmoja ulikuwa umekufa, mwingine ulikwaruza kama kijiko chini ya sufuria. Akarudia, pengo likarudi.

Hapo ndipo alipoamua kwamba gitaa linaumwa, na ugonjwa uko kwenye pikapu. Sisemi gari. Pikapu ya gitaa ni kidude cha sumaku kilichozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, kinakaa chini ya nyuzi, kinasikiliza zinavyotikisika na kupeleka habari kwenye spika. Ya Radi ilikuwa ya koili mbili, yaani mizingo miwili ya waya huo, yenye nguvu za kutisha, iliyozaliwa kwa ajili ya metali. Akajiambia basi ndiyo hiyo, imezoea kupiga kelele, haijui tena kuongea kistaarabu.

"Nataka pikapu inayojua yote mawili," alimwambia fundi mara ya kwanza. "Nikitaka ingurume, ingurume. Nikitaka maji ya mtungini, nipate maji ya mtungini."

"Mchagua jembe si mkulima," fundi alimtania. Walijuana tangu ujana, na utani ulikuwa haki yao. Lakini alimtolea ile ya zamani, akamfungia nyingine upande wa shingo ya gitaa, ya koili moja, nyepesi, inayosikia hata mtu akivuta pumzi. Radi aliporudi nyumbani na kupiga, mambo yalizidi kuharibika. Ile koili moja haikuwa na haya. Kila uzi uliokufa ulisikika umekufa.

Akarudi. Fundi akaitoa, akairudisha ile yenye nguvu, safari hii akaongeza swichi ndogo ya kuigawa, koili moja ifanye kazi na nyingine ilale. Pengo likabaki palepale. Radi akalaani sumaku, akalaani waya, akalaani hata mafundi wa viwandani ambao hawajawahi kumkosea kitu.

Kuna jambo hakulisema. Asubuhi, vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vinaamka vyeupe, vimekufa ganzi. Kikombe kilishamponyoka, kikavunjika, akasingizia sabuni. Vifungo vya shati vilimshinda, na mke wake, bila kuuliza wala kumtazama usoni, alianza kumfungia kila asubuhi huku akimsimulia habari za majirani. Alijua. Mficha maradhi kilio humfichua, na mke alikuwa anakisubiri kilio hicho kwa hofu. Kwenye bendi hakuna aliyegundua. Metali ina huruma hiyo: vidole viwili vinatosha, na kosa lolote linamezwa na ngurumo. Sauti safi haimezi kitu.

Fundi naye alikuwa ameanza kushuku, ndiyo maana Jumatano ile hakumtania. Alilipokea gitaa, akalifungua shuka, akamtazama rafiki yake.

"Niachie mpaka kesho."

Kesho yake Radi alifika kabla hajanawa masizi. Fundi alikaa kwenye kiti chake cha mbao, akawasha disto, akapiga. Kuta zikatetemeka. Kisha akaizima, akagusa ile swichi, akapiga kodi zilezile za wimbo wa binti, pole pole, na kila uzi ukajibu kwa zamu yake. Hapakuwa na pengo popote. Ilikuwa sauti ya chumba chenye mtoto anayesinzia.

Radi alijifuta macho kwa mkono wa koti. "Ndiyo hii! Ndiyo hii niliyokuwa naitafuta, ndugu yangu! Umeweka pikapu gani?"

Fundi alilifuta gitaa vumbi. "Ileile."

"Ileile ipi?"

"Uliyokuja nayo jana. Sijafungua hata skrubu. Hata nyuzi sijazigusa."

"Acha uongo, bwana."

Fundi alimpa gitaa. Radi akakaa, akaweka vidole, akapiga. Pengo. Akavikandamiza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akapiga tena, na lile pengo lilikuwa linamsubiri. Alikuwa bado anaukazia macho uzi wa tatu wakati fundi alipochukua bisibisi na kuikandamiza ncha yake kwenye kidole cha pete cha mkono wa kushoto wa Radi.

"Unasikia?"

"Nisikie nini?" Radi aliuliza.

Ndipo alipotazama chini, akaiona bisibisi.

Nje mtu alipita anapiga mluzi, akaenda zake.

"Iache grenda, ndiyo inayoviua vidole," fundi alisema.

"Niiache halafu watoto wale nyuzi?"

"Nenda basi hospitali."

"Nilienda. Waliniambia hivyohivyo, niiache."

Fundi alianza kulifunga gitaa kwenye shuka, taratibu, kama anayechelewesha msiba. "Pikapu ninazo tele humu ndani," alisema. "Vidole sina, kaka. Nisamehe."

Radi alirudi nyumbani akitembea. Sasa hakuwa na wa kumlaumu. Alipofungua mlango, binti alikuwa anapiga pasi sare ya kesho huku anauimba wimbo wake chinichini.

"Baba! Limepona?"

"Limepona, mwanangu," alisema, akaliweka gitaa mezani. "Gitaa ni zima kabisa."

Binti akaruka kwa furaha, akaendelea kuimba, sasa kwa sauti. Radi hakulifungua lile shuka. Alimwendea mke wake, akasimama mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili, hapohapo mtoto akiona.

"Nifungulie vifungo, mama," alisema. "Siwezi."

Mke alianza na kifungo cha mkono wa kushoto. Nyuma yao wimbo ulifika katikati, ukakatika.