Ukurasa wa Pili wa Mama Udongo

Nilifika Mpanda kwa treni ya kutoka Tabora, mabehewa machache ya abiria yakivutwa nyuma ya mabehewa ya mizigo. Pale Kaliua tulikaa tangu asubuhi hadi jua likainama, tukisubiri injini. Nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne, sanduku la bati, na barua ya kuajiriwa kuwa karani mpiga chapa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Katavi ilikuwa bado haijawa mkoa. Mambo yetu makubwa yote yaliamuliwa Sumbawanga.

Kazi yangu ilikuwa kwenye kituo kidogo cha masomo ya nje cha chuo kikuu kimoja. Wahadhiri walikuja kwa zamu kufundisha wakulima na watumishi waliotaka cheti bila kuhama makwao. Mkuu wa kituo alikuwa Mratibu, mzee mfupi wa Kifipa, asiyependa maneno mengi.

"Unajua kupiga chapa?" aliniuliza siku ile ya kwanza.

"Najua, mzee."

"Unajua kunyamaza?"

"Najua."

"Basi kaa."

Ofisini palikuwa na taipureta moja na mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono. Vijana wa leo hawaijui stensili. Ni karatasi yenye nta. Unaipiga chapa bila utepe ili herufi zitoboe, kisha unaifunga kwenye mashine, wino unapita kwenye matundu, na nakala zinatoka moja moja. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu, unapuliza ikauke, unapiga tena juu yake. Stensili zilitoka Sumbawanga na zilikuwa chache, kwa hiyo Mratibu alitoa amri: kila muhtasari wa kozi uishe kwenye stensili moja.

Muhtasari wa kozi ni ile karatasi anayopewa mwanafunzi siku ya kwanza. Wahadhiri wengi waliandika jina la somo, orodha ya mada, basi. Mhadhiri wa Udongo alikuwa tofauti. Alikuwa mama mrefu, mwenye viatu vya matope mwaka mzima, na wanafunzi walimwita Mama Udongo naye akaitika. Muhtasari wake ulijaza kurasa mbili za mwandiko wa mkono. Aliandika anapatikana wapi na siku zipi. Aliandika mwanafunzi atakuwa anaweza kufanya nini kozi ikiisha, siyo atakuwa amesikia nini. Kila wiki na mada yake, kila kitabu na kabati kilipo. Ukurasa wa pili ulieleza alama zinavyogawanywa, mtu akiugua afanye nini, na kwamba baada ya wiki nane za darasa watu wataenda nyumbani wiki mbili, kisha watarudi kwa mazoezi ya siku tatu katika mashamba ya Mwamkulu, yenye alama arobaini kati ya mia. Tarehe zote zilikuwepo.

Ukurasa wa kwanza ulijaza stensili yote. Wa pili niliuona kama maneno ya adabu tu. Niliukunja, nikautia kwenye droo, sikumwambia mtu.

Mwanafunzi aliyeligundua hilo alikuwa Zakaria, mkulima wa Mishamo, makazi ya wakimbizi, mtu wa miaka kama thelathini na tano, aliyekuja na familia yake kutoka Burundi akiwa mtoto. Kule kwao watu walimwomba awe mwalimu wa kilimo, lakini nafasi hiyo ilitaka cheti. Mwisho wa wiki ya nane alisimama mlangoni, baiskeli yake ikiwa imeegemea ukuta.

"Mdogo wangu, tarehe za Mwamkulu ziko wapi kwenye hii karatasi?"

"Si Mama kasema darasani? Hujasikia?"

"Mimi nimesikia. Karatasi haijasikia."

Wakati ule mkazi wa Mishamo alitoka makazini kwa kibali chenye siku ya kwenda na siku ya kurudi, na kibali kilitaka ushahidi wa maandishi. Muhtasari niliouchapa ulisema kozi inaisha wiki ya nane. Mratibu alikuwa Sumbawanga na mhuri ulikuwa kwenye mkoba wake, angerudi Ijumaa. Ningeweza kupiga barua, Zakaria akasubiri itiwe mhuri. Sikupiga, kwa sababu ningelazimika kueleza nilichokata. Nilimwambia aende tu, wakubwa wa makazi wataelewa. Akaikunja karatasi, akapanda baiskeli.

Siku ya mazoezi nilikuwa Mwamkulu nimeshika orodha ya mahudhurio. Wanafunzi walichimba shimo la kufika kiunoni, wakasoma matabaka ya udongo, rangi kwa rangi.

"Mtu wa Mishamo yuko wapi?" Mama Udongo aliuliza.

"Kanogewa na maharage huko," akajibu mmoja, wenzake wakacheka. Mimi nikaweka alama ya kutofika. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu.

Kwenye kikao cha matokeo Mama Udongo alisoma jina la Zakaria na sifuri ya mazoezi. Darasani alikuwa wa pili kwa wote, lakini kwa sifuri ile alikuwa ameanguka. Mratibu alishika kalamu kutia sahihi. Nilitoka, nikafungua droo, nikarudi na ukurasa wa pili, nikauweka mezani.

Mama Udongo aliusoma kama mtu anayesoma barua ya marehemu. "Huu haukuwafikia?"

"Haukuwafikia, Mama. Niliukata. Na yeye aliuliza, kwa ajili ya kibali."

"Kisichomfikia mwanafunzi kwenye muhtasari siwezi kukitahini," alisema. "Ni ahadi. Wengine walifika kwa kuamini maneno yangu. Huyu alihitaji karatasi."

Mratibu alinigeukia. "Nani aliyekutuma ukate?"

"Amri ilikuwa stensili moja, mzee."

Aliiweka kalamu chini. "Basi tumekosa wawili. Piga barua ya kuingia Mishamo, akatahiniwe kwake."

Wiki iliyofuata gari la kituo lilitupeleka Mishamo, barua ikiwa na mhuri. Mama Udongo alichagua kona ya shamba la Zakaria na kutoa masharti yake. "Yeye atasoma udongo. Shimo atachimba karani."

Nilichimba. Zakaria alikaa ukingoni, miguu ikining'inia, watu wa jirani wakiwa wamejaa kutazama.

"Nimefika?" niliuliza, jasho likinitoka.

"Bado, mdogo wangu. Uko tabaka la kwanza. Sisi tunataka na la pili."

Alipata alama thelathini na sita. Cheti chake nilikipiga mwenyewe, bila dawa nyekundu hata mahali pamoja.

Tangu hapo Mratibu alinipa kazi ya kukagua muhtasari kabla ya kuuchapa. Mhadhiri kijana wa uchumi aliniletea nusu ukurasa. Nikamuuliza vitabu vinapatikana wapi.

"Maktaba."

"Ipi, mwalimu? Hapa tuna makabati mawili."

Alinuna, akaandika upya. Wahadhiri wa sasa wana kompyuta na fomu za kujaza, lakini nikikuta muhtasari mahali, bado huanza kuusoma kutoka mwisho. Mada mtu atazipata hata kitabuni. Siku, mahali, alama na nini kitatokea akikwama, hayo anayajua mwalimu peke yake.

Nilikaa miaka minne. Hakuna aliyenifukuza, ni miguu tu iliyowasha, kama ilivyoniwasha baadaye Kigoma, Kahama na kwingineko. Asubuhi ya kuondoka, Zakaria alikuwepo stesheni. Alikuwa amekuja mjini kwa semina, kibali kikiwa mfukoni. Alinipa kifurushi cha maharage.

"Unarudi lini?"

"Nitarudi tu, kaka."

"Tarehe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alitoa kalamu na kijikaratasi, akanishikisha, akasubiri. Treni ikapiga honi. Nilimrudishia karatasi ikiwa tupu, nikapanda.