Ndoo Juu ya Ngozi ya Ng'ombe

Mwaka 1964, nna miaka minane, ndipo shida iliponishika. Baba alitoka asubuhi, hakurudi tena. Mama akaanza kufua nguo za watu pale Unguja, na mie nikatolewa skuli nikawa mchota maji wake. Darasa la pili sikulimaliza. Nayasema wazi kwa sababu dada yangu, aliyenizidi miaka miwili, maisha yake yote tangu tuhamie hapa Muscat, Omani, amewaambia watu kwamba sisi tulikuwa watu wa mikarafuu, wenye mashamba. Mikarafuu ilikuwepo, mitatu, na ilikuwa ya jirani.

Basi mwaka jana mjukuu wangu wa kike, ana miaka kumi na miwili, alirudi kutoka skuli na jambo. Bibi mmoja wa Kilakota aliwasomesha kwa video kutoka kwao. Walakota ni wenyeji wa Amerika, walikuwepo kabla ya mzungu, na kwao miaka huhesabiwa kwa baridi. Baridi ikipita, wazee hukaa wakakubaliana jambo moja la mwaka ule, na mtunzaji akalichora juu ya ngozi ya nyati. Picha moja, mwaka mmoja. Kisha mtunzaji humfundisha kijana kuzisoma zote, ili akifa yeye, miaka isife. Yule bibi kawaambia watoto: msiige picha zangu, nendeni kwa wazee wenu mkachore za kwenu, kisha mtanisomea.

Nikawapenda watu hao pale pale. Historia isiyotaka cheti.

"Babu, itatosha karatasi," mjukuu akasema.

"Wamesema ngozi, ni ngozi."

Nyati Muscat hayupo. Nikamwendea mchinjaji, akanipa ngozi ya ng'ombe, akaniuliza kama nnaumwa. Mie ni fundi wa viyoyozi, nimefungua na kufunga viyoyozi vya nusu ya maofisi ya Al Khuwair, kwa hiyo sikuona haja ya kuuliza mtu. Nikaipaka chumvi, nikaitundika juu ya paa, mbele ya zile mashine za nje zinazotoa upepo wa moto. Siku ya pili kunguru wote wa Bawshar, mtaa wetu, walikuwa juu ya paa. Jirani akapanda kukagua tangi lake la maji, akidhani kuna kitu kimefia ndani. Mke wangu akanambia, "Chagua, ngozi au mie." Nikamwomba anivumilie mpaka Alkhamisi. Alkhamisi ikawa imekauka, ngumu kama mlango.

Tukakaa majlisi, chumba cha wageni, mie, dada yangu, na mjukuu na rangi zake. Tulianza na miaka ya ukubwani, hiyo ilikuwa rahisi. Mwaka nilioanza kazi hapa, ngazi. Mwaka nilioanguka, ngazi imelala. Mwaka nilionunua gari ya kwanza, gari inatazama nyuma, maana gia ya nyuma tu ndiyo iliyokuwa ikishika. Kisha tukarudi mwaka wa mwanzo, ule wa 1964.

"Hapo chora mkarafuu," dada akasema.

"Chora ndoo," nikasema mie.

"Ndoo ya nini?"

"Ya nguo za watu."

"We mwana, unataka mtoto asimame mbele ya watu aseme mamake babu yake alikuwa dobi?"

"Alikuwa dobi. Udobi ule nimeula mie na umeula wewe, tena ukiomba uongezwe."

"Wazee lazima mkubaliane," mjukuu akasema. "Ndiyo desturi yao."

Tukabishana siku tatu. Ya pili dada alikwenda jikoni, akarudi na kichupa cha karafuu, akaniwekea mbele kama ushahidi. Nikamwambia jikoni kwangu mna mchele wa Pakistani pia, na Pakistani sikuzaliwa. Tulicheka, lakini mie moyoni sikuwa nnacheka. Tuliomwona mama tumebaki wawili tu. Mtoto akijifunza mkarafuu, basi mama kafutika, yeye na mikono yake iliyochubuka kwa sabuni.

Siku ya tatu dada akanyanyuka. "Choreni mnalolitaka. Mie simo." Mjukuu akachora ndoo moja, na mtoto mwanamme kaibeba kichwani.

Siku yenyewe ya kumsomea yule bibi niliifunga ngozi juu ya gari, nikaenda nayo mpaka skuli, watu wananipisha barabarani. Ukumbi umejaa wazazi, na yule bibi wa Kilakota yuko kwenye skrini. Dada alikuja kavaa dhahabu yake yote, ili angalau hiyo iseme kwamba sisi si maskini.

Mjukuu akaanza kusoma, Kiarabu kisha Kiingereza. Akaigusa picha ya mwanzo. "Mwaka huu babu yangu alibeba ndoo. Alikuwa peke yake akimsaidia mamake kufua nguo za watu."

"Peke yake nani?"

Dada kasimama, bangili zinalia.

"Ndoo zilikuwa mbili. Ya pili nikiibeba mie, tena hiyo ndiyo kubwa. Huyu nusu akiimwaga njiani."

Ukumbi mzima ukageuka. Mwalimu akauliza huyu aliyesimama anasema nini kwa Kiswahili chake, na mjukuu akatafsiri yote, na kumwaga kwangu pia. Yule bibi wa Kilakota akacheka mpaka akavua miwani. Akasema, kama nilivyoelezwa baadaye, kwamba hata kwao picha moja huweza kuwakalisha wazee mpaka chai ikapoa. Kisha akamwambia mtoto aongeze.

Mjukuu akachukua brashi, akachora ndoo ya pili.

"Kubwa zaidi," dada akasema.

Akaikuza.

Leo nna nyumba moja Bawshar, vyumba sita. Duka la viyoyozi Al Khuwair na gari mbili za kazi. Landkruza moja, inakwenda mbele na nyuma. Mitende kumi na minne. Mke yupo, hakuondoka. Ngozi moja ya ng'ombe kwenye ukuta wa majlisi, ikipata unyevu inanuka. Juu yake ndoo mbili, na mjukuu mmoja anayezisoma picha zote bila ya kuniangalia nimkumbushe.