Mbona Hukuvaa Nyekundu?

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nikitaka kuisahau: siku tuliyomzika dada yangu Hawa, hapa Jinja.

Hawa alikuwa mwimbaji wa harusi, na si wa kubahatisha. Akifungua mdomo, hata wapishi waliacha masufuria. Mbale alikuwako mwenzake, Mariamu, naye moto vilevile. Walipendana hao! Mariamu akija kwetu Bugembe, nje kidogo ya mji wa Jinja, walilala kitanda kimoja, mimi nikatupwa kwenye mkeka.

Basi mwenye ukumbi mmoja akawaambia, "Gombaneni kidogo, muone watu watakavyojaa." Wakakubali. Matusi yenyewe waliyatunga pamoja, jikoni kwetu, wakimenya matoke na kucheka mpaka machozi. Niliwasikia kwa masikio haya.

Mariamu akasema, "Nitaimba hivi: siku Hawa akifa, navaa nyekundu kama naenda harusini."

Hawa akampiga bega. "Weka hiyo, shoga! Hiyo itawamaliza!"

Kweli, ukumbi ulifurika. Jinja ikawa ya Hawa, Mbale ya Mariamu, na wanawake wasiowajua hata kwa salamu wakavuana vitambaa vya kichwa sokoni kwa ajili yao. Wenyewe sasa walikutana kwa kujificha, kama wezi. "Tutawaambia ukweli baadaye," Hawa alisema. Hiyo baadaye haikufika. Homa ilimchukua upesi.

Mariamu alikuja na teksi ya kwanza kutoka Mbale. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamwosha. Alifika amevaa nyeupe, mikono ya gauni ameshaikunja tayari kwa kazi. Wanawake wakaziba mlango.

"Mbona hukuvaa nyekundu?" mmoja akamuuliza.

"Dada zangu, ulikuwa mchezo tu. Hawa mwenyewe anajua."

"Hawa hasemi leo. Nenda ukacheze kwenu."

Nikapiga kelele kwamba ni kweli, niliwaona jikoni. Shangazi akanivuta sikio. "Nyamaza wewe! Amekuhonga nini huyu?"

Hawa akaoshwa na watu wengine, baadhi yao hata hakuwapenda. Mariamu alibaki uani mpaka jeneza likatoka, mikono ya gauni bado imekunjwa, viganja vikavu. Hakuimba tena.

Leo naona kwenye simu zenu matajiri na waimbaji wanavuana nguo kwa matusi mbele ya watu, kesho yake tamasha. Mnaniambia, "Bibi, ni biashara tu." Na dada yangu alisema hivyo hivyo, akicheka.

Mwanangu, tafuta jina. Imba, uza, pendeza, mimi nitajisifu nawe kila mtaa. Lakini usikubaliane na rafiki yako kutukanana hadharani. Mtakaojua kwamba ni mchezo ni nyinyi wawili; hao wengine hawakuwepo jikoni, na siku mkitaka kuwaambia, hawatasikia.

Mungu akupe sauti, akuachie na rafiki. Na siku yako ikifika, uwe umeshiba miaka, akuoshe anayekupenda.